Vitanda Vyahesabiwa, Mzigo wa Muuguzi Haupimwi

Mlangoni mwa wodi ya wanaume niliyokesha mwaka jana palikuwa na ubao mweupe. Kila jioni, zamu zikipokezana, muuguzi aliufuta kwa kitambaa na kuandika upya mistari mitatu: vitanda 30, wagonjwa 34, muuguzi 1. Nilikaa katika wodi ile siku kumi na moja nikimuuguza ami yangu, aliyepatwa na kiharusi. Hospitali siitaji. Naamini msomaji wa Vanga na msomaji wa Kiunga kila mmoja atadhani naizungumzia ya kwao.

Ami alikuwa amepooza upande wote wa kulia. Hakuweza kujigeuza, hakuweza kushika kijiko, na uji ilibidi anyweshwe kidogo kidogo akiwa ameinuliwa, asije akapaliwa. Alivaa pampasi na alikuwa na mpira wa mkojo. Kitanda cha tatu kutoka kwake alilala kijana wa bodaboda aliyevunjika mkono. Kijana yule alikuwa na nguvu za kutembea hadi getini kununua viazi karai; alichosubiri ni jamaa zake wamalize bili. Kwenye ubao, ami alikuwa mgonjwa mmoja, na kijana yule alikuwa mgonjwa mmoja.

Usiku wa tatu, yapata saa nane, waliletwa watu wawili wa ajali ya barabarani, mmoja akivuja damu. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo aliyekuwa peke yake, alikaa nao mpaka alfajiri. Tangu saa nne za usiku hakuna aliyemgeuza ami. Mimi nilikuwa pale pale kitini, lakini sikujua kwamba mtu asiyeweza kujigeuza yafaa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu na kuanza kufa. Asubuhi tuliona wekundu chini ya mgongo. Siku ya tano ngozi ilifunguka.

Nilimwendea muuguzi yule kwa hasira, na nakiri hilo kwa aibu. Hakunijibu kwa hasira. Alinionyesha ubao akasema, "Mwanangu, ubao wasema wagonjwa thelathini na wanne. Hausemi kwamba watano kati yao wana kazi ya watu ishirini. Baba yako ameandikwa kwenye faili kuwa hali yake ni shwari, na ni kweli. Lakini huyo wa shwari ndiye anayenivunja mgongo."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa wauguzi wetu tumeuona mwepesi kwa sababu hatujawahi kuuweka kwenye mizani. Tunahesabu vitanda na vichwa, kisha twagawa. Hoja yangu leo ni kwamba hospitali za Pwani zapaswa kuanza kuwapanga wagonjwa kwa kiasi cha matunzo wanayohitaji, na kuitumia hesabu hiyo kuamua wauguzi wangapi wawe wapi, usiku huu na mwaka ujao wa fedha. Kazi hiyo haihitaji mashine wala jengo jipya. Pengine ndiyo maana hakuna anayeikatia utepe.

Jambo lenyewe si geni duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Robert Connor wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, aliwagawa wagonjwa wa wodi katika mafungu matatu: anayejiweza, anayehitaji kusaidiwa kiasi, na anayehitaji kufanyiwa karibu kila kitu. Alipopima muda wa wauguzi aliona kwamba idadi ya waliolazwa haielezi vyema kazi iliyopo. Kinachoieleza zaidi ni wangapi wako katika fungu la tatu, na idadi hiyo hupanda na kushuka siku hadi siku hata wodi ikiwa imejaa vile vile.

Uingereza nako, ambako vijana wetu wengi wa uuguzi wanaota kwenda, hospitali nyingi hutumia mizani ya namna hiyo. Mwaka 2021 Kenya na nchi hiyo zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wetu kufanya kazi kule. Muuguzi kutoka Kilifi akifika wodini atakuta wagonjwa wamepangwa kwa ngazi. Ngazi ya 0 ni wa kawaida. Ngazi ya 1a ni mgonjwa mahututi kiasi ambaye hali yake yaweza kubadilika ghafla. Ngazi ya 1b ni mgonjwa ambaye hali yake imetulia lakini anategemea wauguzi kwa kula, kuoga, kugeuzwa na kwenda haja. Ngazi ya 2 na ya 3 ni za uangalizi mkali, mpaka yule anayesaidiwa kupumua kwa mashine.

Ndugu msomaji, iangalie vizuri ngazi hiyo ya 1b. Katika toleo la mwaka 2013 la mizani hiyo, mgonjwa wa ngazi ya 0 alipewa uzito wa 0.99, wa 1a akapewa 1.39, na wa 1b akapewa 1.72. Yaani aliyetulia lakini hajiwezi alihesabiwa kuwa mzito kwa muuguzi kuliko yule ambaye daktari anamhofia zaidi. Ami yangu wa "hali shwari" angekuwa hapo. Muuguzi wetu alilijua jambo hilo kwa mgongo wake. Kule limeandikwa kwenye fomu.

Brazil walikwenda mbali zaidi, wakaweka saa. Mwaka 2017 baraza lao la uuguzi lilitoa azimio nambari 543 lililotaja saa za uuguzi ambazo kila mgonjwa ahitaji kwa siku nzima: saa 4 kwa mwenye mahitaji madogo, saa 6 kwa wa kati, saa 10 kwa anayetegemea wauguzi kwa mengi, na saa 18 kwa wa uangalizi mkali kabisa. Saa hizo ni za timu yote ya uuguzi pamoja na wasaidizi wao, si za wauguzi waliosomea peke yao.

Nilirudi kwenye daftari langu la zile siku kumi na moja nikafanya hesabu. Siku ya nne, kati ya wagonjwa 34, kwa macho yangu ya mtu asiye mtaalamu, 19 walijiweza, 10 walihitaji mkono, na 5 walihitaji kila kitu. Kwa saa za Brazil, hiyo ni 76, na 60, na 50. Jumla ni saa 186 za matunzo kwa siku moja. Wauguzi walikuwa watatu mchana na mmoja usiku, kila mmoja kwa saa kumi na mbili. Jumla ni saa 48.

Utaniambia sisi si Brazil, na ni kweli. Basi kata mahitaji yale kwa nusu. Zabaki saa 93, karibu mara mbili ya zile tulizokuwa nazo.

Kuna la pili katika daftari lile. Siku ya nane wagonjwa walikuwa 34 tena, lakini sura ya wodi ilikuwa imebadilika: 13 walijiweza, 10 walihitaji mkono, na 11 walihitaji kila kitu. Saa zilipanda kutoka 186 hadi 222. Tofauti ni saa 36, sawa na kazi ya watu watatu wa zamu ya saa kumi na mbili. Ubao uliandikwa vile vile: vitanda 30, wagonjwa 34, muuguzi 1.

Sasa tuulize, zile saa zilizokosekana hutoka wapi? Nyingine hutoka kwa jamaa za mgonjwa. Sheria ya hospitali ile ilisema jamaa waingie saa za kutazama wagonjwa tu, lakini bawabu alituacha tulale pale kwa sababu kila mtu alijua wodi isingeendeka bila sisi. Binti wa ami alifunga kibanda chake cha mahamri na mbaazi siku zote kumi na moja ili aje mchana kumlisha na kumfulia babake. Biashara yake haijasimama sawa mpaka leo. Katika wodi za wanawake, bila shaka, ni mabinti na dada wanaoacha kazi na masomo. Hiyo ni kazi ya uuguzi inayofanywa bila malipo na bila mafunzo, na haimo katika bajeti ya kaunti yoyote.

Saa zilizobaki hutoka kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe. Kitanda cha pembeni kulikuwa na mzee asiye na mtu, mvuvi aliyeletwa na wenziwe wakarudi baharini. Sahani yake ya chakula mara nyingi iliondolewa kama ilivyowekwa. Hakuna aliyemnyima. Alikosa wa kumlisha.

Watafiti wameyaandika haya. Wale wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust, wenye makao makubwa hapa kwetu Kilifi, walishiriki kuchunguza wodi za watoto wachanga Nairobi kwa kukaa na kutazama nini kinafanyika na nini kinaachwa. Waliona kazi nyingi za msingi haziwahi kufanywa, na kadiri watoto wanavyozidi kwa kila muuguzi ndivyo kinachoachwa kinavyozidi. Marekani, mwaka 2002, Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa upasuaji katika hospitali za jimbo la Pennsylvania: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi uliandamana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30. Kwa hivyo anayedhani twazungumzia starehe ya wauguzi amekosea.

Tangu mwaka 2013 hospitali zetu ziko mikononi mwa kaunti. Katiba, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Lakini tukipanga wafanyakazi, twapanga kwa jengo. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa viwango vya wafanyakazi uliotolewa kwa miaka ya 2014 hadi 2018 ulifuata ngazi za vituo, kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa. Upo pia utaratibu wa Shirika la Afya Duniani unaokadiria wafanyakazi kwa kutazama kazi ya mwaka mzima. Vyote viwili vina faida yake kwa mwenye kupanga ajira. Ila hakuna hata kimoja kinachomwambia msimamizi wa wodi, saa moja jioni, kwamba usiku huu wodi ya wanaume ni nzito na ya macho ni nyepesi, basi muuguzi mmoja avuke ukumbi.

Siasa nazo hupenda kinachoonekana. Gavana hufungua wodi mpya ya vitanda hamsini, sote twapiga makofi, na hakuna anayeuliza vitanda hivyo vitakuja na saa ngapi za uuguzi. Kitanda kisicho na muuguzi ni fanicha. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma tangu Juni mpaka Novemba, miezi mitano, na Pwani tuliumia. Mzozo ulikuwa wa mishahara na makubaliano ambayo hayakutekelezwa. Lakini nikikumbuka mabishano ya redioni siku zile, upande mmoja ulisema kazi imezidi na mwingine ukasema pesa hazipo, na hakuna aliyeweza kuweka mezani karatasi inayoonyesha wodi fulani ilihitaji saa kiasi gani na ilipata kiasi gani. Mzigo usiopimwa ni rahisi kuukana.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza: hakuna wauguzi wa kugawa, karatasi haitazaa muuguzi. Ni kweli, haitazaa. Lakini tazama nilichokiona mchana katika wodi ile. Wauguzi watatu waligawana kwa nambari za vitanda: wa kwanza 1 hadi 10, wa pili 11 hadi 20, wa tatu 21 hadi 30, na waliolala chini wakagawanywa. Sasa wagonjwa wazito wote walikuwa wamelazwa karibu na mitungi ya oksijeni, yaani vitanda vya 21 kwenda juu. Muuguzi wa tatu alikuwa hapumui huku mwenzake wa kwanza akimaliza dawa mapema na kuandika faili. Hakuna aliyekuwa mvivu. Mgawo ulikuwa wa vitanda. Kuwagawa wazito sawasawa kungewapa nafuu siku ile ile, bila ajira mpya hata moja.

Ya pili: muuguzi aliyezidiwa hatakiwi kuongezewa fomu. Nakubali, na ndiyo maana sipendekezi fomu ya kurasa nne. Maswali matano yatosha. Aweza kula mwenyewe? Aweza kwenda choo? Aweza kujigeuza? Apimwe presha na joto mara ngapi? Ana dripu, oksijeni au mpira? Muuguzi anayekabidhi zamu hujua majibu hayo bila kufungua faili. Alama moja, mbili au tatu mbele ya jina, mara mbili kwa siku, basi.

Ya tatu ndiyo nzito: kwamba hesabu itaonyesha tusichoweza kukilipia. Ujerumani walipita njia hiyo. Walianzisha utaratibu wa kupima mahitaji ya wagonjwa mwaka 1993, na miaka michache tu baadaye wakaufuta, kwa kuwa ulidai nafasi nyingi za ajira kuliko zilizotarajiwa. Mahitaji hayakufutika kwa kufutwa kipimo. Mwaka 2024 nchi ile ilirudisha toleo jipya la utaratibu ule ule. Sisi hatuna haja ya kupoteza miaka thelathini kujifunza somo hilo.

Wako pia wanaosema tuweke sheria ya uwiano tu, muuguzi mmoja kwa wagonjwa kadhaa. Jimbo la California, Marekani, lina sheria hiyo tangu 2004. Lakini hata kule uwiano ni kiwango cha chini kabisa, na hospitali hutakiwa kuongeza watu kulingana na uzito wa wagonjwa. Uwiano bila kipimo utatuambia ami na yule kijana wa bodaboda ni sawa.

Basi nini kifanyike? Kaunti sita za Pwani zina jumuiya yao na zina mawaziri wa afya wanaokutana. Waanze na wodi moja katika hospitali moja ya kila kaunti, kwa miezi mitatu. Alama ziandikwe kila zamu. Matroni azitumie kila jioni kuhamisha mikono. Mwisho wa mwezi jumla ipelekwe idara ya afya, na ibandikwe mlangoni tuione sote. Baraza la wauguzi na chama chao washirikishwe tangu mwanzo, ili kipimo kisije kikageuzwa fimbo ya kumpigia muuguzi ambaye hakuwahi kumaliza kazi ya watu wanne.

Na sisi wananchi tuna zamu yetu. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na kabla yake huwa kuna vikao vya kukusanya maoni ya umma, ambavyo wengi wetu twaenda kuomba taa za barabarani na mitaro. Kikao kijacho, mwenye kupata nafasi amuulize mwakilishi wadi wake swali moja: hospitali yetu ilihitaji saa ngapi za uuguzi mwezi uliopita, na ilipata ngapi? Asipopata jibu, hilo lenyewe ni jibu.

Ami alitoka hospitali siku ya kumi na mbili. Kwa mazoezi na dua, mkono umeanza kurudi, na sasa ashika kikombe chake cha kahawa mwenyewe. Kidonda cha mgongoni kilichukua miezi minne kufunga. Kila asubuhi nilimwosha na kumfunga, naye akauma mto asilie mbele yangu. Juzi nilikwenda wodi ile kumtazama jirani. Mama yule muuguzi yuko bado, tukaamkiana vizuri. Ubao nao upo pale pale mlangoni, na ule upande wa kulia, panapotosha mistari mingine mitatu, haujaandikwa kitu.